Nilibeba mimba miezi saba sina hisia yoyote na mtoto aliye tumboni. Wamama tuongee kuhusu sonona ya mjamzito

Fundi wa Ngamiani

Asalam aleikum wadau, habari za usiku. Huu uzi nimeuandika nikaufuta mara tatu, leo naushusha hivyo hivyo ulivyo, makosa ya kuandika mtanisamehe natumia simu na mtoto kanilalia mapajani.

Mie ni fundi cherehani, nipo Tanga mjini, Ngamiani huku kwenye barabara za namba. Nina miaka 31. Mwaka juzi nilishika mimba ya kwanza, mimba ya furaha kabisa, mume wangu ni kuli bandarini akirudi jioni hata kuoga hajaoga anainama anasalimia tumbo, "kamanda, huko ndani salama?", mie nacheka. Ilipofika miezi sita mtoto akaacha kucheza. Jumatatu nilimsikia, Jumanne nikasema labda kalala, Jumatano nikaenda hospitali, siitaji ni ipi, wakanipaka ile jeli ya baridi, yule wa ultrasaundi akazungusha zungusha kile kidude halafu akakigeuzia kioo upande wake. Hapo hapo nikajua.

Nilizaa kwa uchungu kama wanavyozaa wenzangu ila chumba kilikuwa kimya. Baada ya hapo nikalazwa wodi moja na waliojifungua watoto wazima, usiku kucha vichanga vinalia na maziwa yananivuja mpaka kanga imeloa. Nesi mmoja akapita akaniambia acha kulia wewe bado binti mdogo utapata mwingine. Mtoto alioshwa, akavikwa sanda, akapewa jina, akazikwa. Walioenda ni wanaume, mie uso wake sikuuona mpaka leo.

Miezi minane baadae nikashika tena. Na hapa ndipo nilipotaka kufika. Watu wote furaha, mavyaa analeta samaki, wifi anataka kujua wa kike au wa kiume, mie nilikuwa mkavu. Yani sikulia, sikucheka, sikuogopa hata, mkavu tu. Neno mtoto lilikuwa halitoki mdomoni, nikiulizwa nasema "hii hali". Mteja alileta flana nimshonee nguo za kichanga, nikakata nikashona nikamaliza pea sita huku tumbo langu limegusa meza ya cherehani na sikuhisi kitu, ningeweza kuwa nashona foronya. Usiku saa nane nipo macho mpaka adhana ya alfajiri. Chakula nakula kwa sababu nimewekewa. Na alipoanza kucheza, wiki ya 20 hivi, wenzangu huwa wanafurahi, mie kila akigonga nashtuka kama mtu kanipigia hodi usiku wa manane.

Mume akawa haniinamii tena tumbo, sikumkataza, aliacha mwenyewe. Kuna siku nilitoka nikaenda kukaa Raskazone peke yangu naangalia bahari, nikawaza nisiporudi nyumbani itakuwa nafuu kwa kila mtu. Nilikaa mpaka magharibi. Alienirudisha ni mama mmoja muuza mihogo aliniambia binti giza linaingia, bodaboda ntakuitia mimi.

Nitaendelea, mtoto anaamka. Naomba kwanza nijue kama kuna mwenzangu aliyepita huko, maana wakati ule nilijiona ni mama wa kwanza duniani asiyempenda mtoto wake.

Mpenda Haki

Pole kwa kufiwa dada. Ila kwa hili la pili nisiwe mnafiki, wanawake wa sasaivi mmekuwa wa kudeka sana. Bibi zetu walizaa kumi kumi, mwengine anatoka shamba la mkonge ana uchungu anazaa njiani anarudi na mtoto mgongoni. Sonona walikuwa nayo wapi? Haya mambo yamekuja na simu.

Mdada wa Kisosora

Dada endelea tafadhali. Nina mimba ya miezi mitano. Nimesoma nimejifungia chooni nalia ili mume asinione. Mie sijafiwa wala sina shida yoyote, mume mzuri, nyumba ipo, ndo maana naona aibu kusema kwa mtu. Tumbo linakua na mie naliangalia kama la jirani.

Fundi wa Ngamiani

Mdada wa Kisosora nimeingia inbox, nakuomba unijibu usiku huu huu hata neno moja.

Mpenda Haki sikukasirikii, nilikuwa nawaza kama wewe. Mama yangu mzazi kazaa tisa, kalima Muheza, kabeba machungwa kichwani mpaka stesheni, ndo huyo bibi unaemsema. Nilipofika miezi saba nilienda kwake, alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, nikamwambia mama mie huyu mtoto simtaki wala simkatai, simsikii tu moyoni. Nilitegemea kofi. Mama hakuacha kukuna. Akasema, na mie nilikuwa hivyo kwa kaka yako wa nne.

Kumbe mimba ile alikuwa anashinda chini ya mwembe kanga kajifunika gubigubi, hataki mtu, hataki kuoga, wakasema ana shetani, wakasema mimba imemkataa mume, akapelekwa akapungwa, akanyweshwa kombe, yale maji ya dua zilizoandikwa, mpaka akajifungua na bado miezi mingi alikuwa anamnyonyesha kaka huku kaangalia pembeni. Miaka arobaini hajamwambia mtu. Halafu akamaliza ile nazi akachukua nyingine akapasua, akasema mie nilidhani ni mie peke yangu.

Kwahiyo kaka usiseme hawakuwa nayo. Walikuwa nayo ila jina ilikuwa haina, au walipewa jina la shetani. Kaka huyo wa nne ndo anaemlea mama sasaivi, hawaachani hao wawili, hilo nalo uliweke kichwani.

Mkunga Mstaafu

Nimezalisha zaidi ya miaka thelathini, mkoa huu huu, kuanzia zahanati za kijijini mpaka hospitali kubwa. Naomba niweke mambo sawa maana uzi mzuri ukiachwa kwenye hadithi tu watu wanatoka wamelia bila msaada.

Shirika la Afya Duniani linasema duniani kwa jumla wajawazito kama asilimia 10 wanapata tatizo la afya ya akili, sonona ndo inaongoza, na baada ya kujifungua ni asilimia 13. Kwa nchi kama zetu ni zaidi, 15.6 wakiwa na mimba na 19.8 baada ya kuzaa. Wekeni mama sita kwenye benchi la kliniki, kuna mmoja anaumia na sisi tunampima uzito na presha tunamruhusu aende. Najisema na mimi humo, nimewapitisha wengi.

Kwanini hatuwaoni? Kwa sababu dalili zinafanana na mimba yenyewe. Mjamzito anachoka, halali vizuri, chakula kinamkinai, analia hovyo, tunasema ni mimba hiyo itaisha. Tofauti ni hii: uchovu wa mimba unamwacha mtu anaweza bado kufurahi akipata anachokipenda. Sonona inaiba hiyo furaha. Akiwa hana hamu na kitu chochote, au huzuni imemkalia muda mwingi wa siku karibu kila siku kwa wiki mbili na zaidi, anajiona hana thamani, anajilaumu, anawaza kufa, huyo haishii kwenye "jikaze mama". Na hilo la kuwaza kufa ni la siku hiyo hiyo, hasubiri tarehe ya kliniki, anapelekwa hospitali na haachwi peke yake.

Walio hatarini zaidi ni aliyewahi kupata sonona kabla, aliyefiwa na mimba au mtoto, anayepigwa au kutukanwa nyumbani, aliyebeba bila kupanga, asiye na mtu wa kumshika mkono, mwenye dhiki. Ila na asiye na sababu hata moja inampata, Mdada wa Kisosora hebu soma hapo tena.

Halafu damu. Mjamzito akipimwa wingi wa damu akiwa chini ya 11 tunasema ana upungufu wa damu, na upungufu mkali unamfanya mtu kuwa mzito kichwa na mwili kama mwenye sonona. Mara nyingi vinakuja vyote viwili, ukitibu kimoja ukaacha kingine haponi sawasawa.

Baba Wawili

Mkunga asante. Naomba niulize upande wa wanaume. Mke wangu mimba ya pili alikuwa hivi hivi anavyoeleza Fundi, mie nilidhani kapata mtu mwengine, nyumba ikawa na kelele miezi mitatu. Nikikumbuka roho inaniuma. Mwanaume afanye nini hasa? Maana ukimuuliza una nini anasema sina kitu.

Fundi wa Ngamiani

Baba Wawili nakujibu kwa alichofanya wangu baada ya kuambiwa, maana kabla alikuwa hajui kama wewe. Aliacha kuuliza "una nini", akawa anasema "leo nafua mie" anafua. Akaja na mie kliniki, akakaa lile benchi la wamama kiume peke yake. Alimwambia mama yake aache kuleta habari za watoto waliokufa tumboni mtaani, kila siku zilikuwa zinaletwa. Na usiku nikiwa macho na yeye anaamka, hasemi, anakaa tu kitandani ameegemea ukuta na alfajiri ana zamu ya kupakua meli. Sijui kama anajua yale masaa yalinifanyia nini.

Na baadae sana alinieleza kwanini aliacha kuinama. Alisema aliogopa akimzoea tena atamzika na huyu nae. Tulikuwa wawili tunaogopa kitu kimoja kila mtu upande wake wa kitanda.

Sasa nieleze nilivyopata msaada maana watu wameniuliza sana inbox.

Wiki ya 29 nilienda kliniki kituo kingine, sio kile cha mwanzo. Kulikuwa na nesi mtu mzima, tumbo kanipima, presha kapima, kaweka ile tarumbeta ndogo sikio upande huu, tumbo upande huu, kimya, halafu akaniambia mapigo mazuri. Mie nikasema sawa. Akaniangalia. Akasema mama mwenye historia yako nikimwambia mapigo mazuri huwa anashusha pumzi, wewe hujashusha. Akafunga mlango.

Akaniuliza maswali kumi. Nikaja kujua baadae ni maswali maarufu duniani, yalitungwa Scotland mwaka 1987, yana jina la mji wa Edinburgh, yalianza kwa waliojifungua sasaivi wanaulizwa na wajawazito. Yote ni ya siku 7 zilizopita. Umeweza kucheka, umekuwa ukitazamia mambo kwa furaha, umejilaumu bila sababu, umekosa usingizi kwa huzuni, la mwisho ndo linauliza kama umewaza kujidhuru. Kila swali lina alama 0 mpaka 3, jumla 30. Ukifika 13 wanaona uwezekano ni mkubwa una sonona, ingawa alama peke yake sio ugonjwa, lazima mtu akae na wewe. Mie nilipata 19. Damu nayo ilikuwa 8.7.

Lile swali la kumi nilikaa nalo kimya mpaka nikasikia feni inavyozunguka. Nikamwambia habari ya Raskazone. Hakushtuka, hakunihubiria, akaniuliza unaishi na nani, nani anajua, usiku ukizidiwa utampigia nani, akataka simu ya mume wangu nikampa, akampigia nipo pale pale. Daktari akaniona siku hiyo hiyo.

Dawa za sonona sikupewa, kwangu mimi daktari aliona tuanze na mazungumzo, kila baada ya wiki moja au mbili, na vidonge vya damu nimeze bila kuruka. Wengine wanapewa dawa na ni sawa, tusichekane kwenye hilo.

Siku ya pili ya mazungumzo ndo nikatoa lile lililonikaba. Nikamwambia sista, mie mama gani, mtoto namhesabia siku kama mzigo wa mteja, sijawahi kumsemesha, sijamchagulia jina, sijamnunulia hata soksi. Yeye akachukua kadi yangu ya kliniki akaanza kuniuliza kama polisi. Hizi dawa za damu unameza? Nameza, zinanitapisha ila nameza. Neti unalala? Nalala. Pemba, ule udongo, unakula? Niliacha uliposema mbaya. Ulikuja na nini leo? Kwa miguu, hela ya bodaboda hamna. Jua hili? Ndio.

Akaniambia kuna nesi Marekani anaitwa Mecca Cranley, mwaka 1981 aliandika maswali 24 ya kupima mama alivyoungana na mtoto aliye bado tumboni. Humo kuna kumsemesha, kuna kumuwazia sura, kuna kujiona ukimlea, na kuna kundi zima la kujitoa kwa ajili yake, kula vizuri kwa sababu yake, kuacha mambo fulani kwa sababu yake. Akasema wewe hayo mengine umefunga mlango kwa sababu uliumia, ila hili la kujitoa unalifanya kila siku na moyo mkavu. Umetembea jua lote hili kumleta mtu asikilizwe moyo. Huyo mtu ni nani kwako?

Nilisema "mwanangu". Ndo mara ya kwanza. Halafu nikalia kilio cha yule wa kwanza ambacho sikukilia, nililia mpaka akaniletea ndoo ninawe.

Mwana Pongwe

Dada umeandika vizuri ila usidharau mambo ya huku kwetu. Majini yapo, husda ipo, mjamzito anachezewa. Na dini ina dawa yake, watu wasali.

Fundi wa Ngamiani

Sijadharau hata kidogo. Mie nilikuwa nasali vipindi vyote vitano, watu wanadhani mwenye sonona kaacha swala. Kombe nilikunywa, zafarani nzuri kabisa, na maalim aliyeniandikia alikuwa mtu mwema. Ila huyo huyo maalim alimwambia mume wangu, mimi nimesoma, na wewe mpeleke hospitali, usichague kimoja. Kinachoniumiza ni pale mtu anaposomewa mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, hali inazidi na hakuna anaethubutu kusema twende kwa daktari kwa kuogopa kuonekana hana imani.

Na hili la husda nilisemee. Huku pwani hatununui vitu vya mtoto mapema, hatumtaji taji, tunasema tutaweka kijicho. Naelewa, na mie nimelelewa hivyo. Ila ona inavyomfanyia mwenye sonona, inampa pa kujificha. Mie kila aliyeniuliza mbona huna hata kanga moja ya mtoto nilijibu tunangoja kwa kheri, na wote wakaridhika. Hakuna aliyejua kwamba singenunua hata ningeruhusiwa.

Mpenda Haki

Fundi nimerudi. Nimesoma hiyo habari ya mama yako jana usiku nikashindwa kulala. Leo nimempigia simu mama Korogwe nikamuuliza mimba zetu zilikuwaje. Amenyamaza muda mrefu halafu akasema ya mdogo wako wa mwisho usiniulize. Nimesamehewa au?

Fundi wa Ngamiani

Hukunikosea kaka. Mpigie tena Ijumaa, usimuulize hilo, mpigie tu.

Mkunga Mstaafu

Huko huko Korogwe, milimani, ipo Lutindi, hospitali ya wagonjwa wa akili ya tangu enzi za Wajerumani. Nalisema kwa sababu watu wa mkoa huu wakisikia "afya ya akili" wanawaza Lutindi au Mirembe tu, kufungiwa. Mjamzito mwenye sonona wengi wao wanatibiwa wakilala kwao, kwa mazungumzo, na mazungumzo hayo hata asiye daktari anaweza kufundishwa kuyafanya.

Kule Pakistani vijijini, Profesa Atif Rahman na wenzake waliwafundisha wahudumu wa afya wa jamii, wanawake wa kawaida wasio wataalamu wa akili, wakawa wanawatembelea wajawazito wenye sonona nyumbani kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba mpaka mtoto anakua. Wanaongea mambo matatu, afya ya mama mwenyewe, mama na mtoto wake, mama na watu wanaomzunguka. Matokeo yalitoka 2008. Mtoto akiwa na miezi sita, wa kundi la mazungumzo waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23, wale wa kutembelewa kawaida bila hayo mazungumzo 53. Shirika la Afya Duniani baadae likaufanya mwongozo. Wahudumu wa jamii na sisi tunao kila kijiji, wanazunguka na daftari la neti na chanjo. Wapewe na hili.

Na kuhusu dawa, aliyekuwa anatumia dawa za akili kabla ya mimba asikate mwenyewe siku anayoona mistari miwili kwenye kipimo, akikata ghafla anaweza kurudi pabaya zaidi. Zipo dawa mjamzito anatumia chini ya uangalizi, na zipo ambazo hazimfai, kwa mfano sodiamu valproeti ina madhara yanayojulikana kwa mtoto tumboni. Ndo maana ni daktari wa kubadilisha, sio shoga yako.

Mzanzibari wa Tanga

Hapa jirani Unguja imefika ile ya Kiti cha Urafiki iliyoanzia Zimbabwe, ya Dokta Dixon Chibanda, alianza 2006 na mabibi. Mabibi kabisa, wanakaa kwenye benchi nje ya zahanati unakuja unaongea nao. Wao Washona, kabila la huko Zimbabwe, sonona wanaiita kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Nilivyosikia nikasema mbona hata sisi tunasema fulani anaumwa mawazo, neno tunalo siku zote.

Mdada wa Kisosora

Jamani nimeenda. Fundi alinisindikiza kwa simu kuanzia natoka nyumbani mpaka nimefika getini, vocha yake imeisha njiani. Maswali kumi nimejibu, nimepata 14. Nimepangiwa Alhamisi ijayo na mume anakuja, nimemwambia jana usiku. Alidhani nimemchoka yeye. Sisemi kwamba nimepona, tumbo bado naliangalia kama la jirani. Ila leo alipocheza nimeweka mkono. Basi, niliweka tu nikautoa.

Fundi wa Ngamiani

Umeweka. Nimepiga yowe hapa watu wa duka la jirani wamechungulia.

Wengi mmeniuliza mwisho wake. Nijibu kwa ukweli maana nilipokuwa naumwa nilichukia sana zile hadithi za mama kamshika mtoto mara ya kwanza na mapenzi yakashuka kama mvua. Mie hayakushuka. Nilijifungua wiki ya 38, alilia papo hapo, kilio kile nilikisikiliza kama mtu anaesubiri kikatike, hakikukatika. Mume alilia kuliko mtoto. Mie nilimwangalia nikasema masikini, kafanana na wifi. Basi. Nilimnyonyesha, nilimbadili, nilimkanda na mafuta ya nazi, moyoni kulikuwa na woga na usingizi. Sista alikuwa kanitayarisha kwamba sonona ya mimba inaweza kuvuka na mtu mpaka baada ya kuzaa, akaendelea kuniona, na mama akaja kukaa na mie siku arobaini zote. Alikuwa akinitazama nikinyonyesha, nikigeuza uso pembeni ananishika kidevu ananirudisha taratibu. Hakusema kitu, ila nilijua anakumbuka nini.

Wakati wa mimba sikumsemesha huyu mtoto, nimeshawaambia. Wataalamu wanasema mtoto anaanza kusikia karibu wiki ya 25, na akizaliwa sauti ya mama yake anaijua kuliko za wengine. Niliposoma hilo niliumia, nikasema wangu kasikia nini mle ndani zaidi ya ukimya.

Alipofika wiki saba ana homa za chanjo, analia toka magharibi, kabebwa na mama, kabebwa na baba yake, kaimbiwa, kapakatwa, hanyamazi. Nilikuwa na sare za shule mezani, mwezi Januari unaingia, wateja wanapiga simu. Nikasema nishone hata pindo mbili huku analia, nifanyeje. Cherehani yangu ni ile ya kukanyaga kwa miguu, ya zamani, ina kelele yake, inaanza taratibu inapanda. Nikakanyaga.

Akanyamaza.

Nikadhani kuna kitu kimempata, nikaacha, nikageuka. Akaanza tena. Nikakanyaga, akanyamaza, macho yametoka, kichwa anageuza geuza kwenye mkono wa baba yake anatafuta inakotokea. Mume akasogea nae mpaka karibu na meza. Nilishona sare nne usiku ule, kitambaa sikioni vizuri kwa machozi, mishono imekwenda upogo yote nikaja kuifumua asubuhi. Mama yangu alikuwa amekaa mkekani akasema, si alikuwa anakusikiliza wewe miezi yote, unadhani tumbo lako lilikuwa linagusa nini?

Sasaivi ana miezi saba. Akisumbua usiku sifungui taa, nanyoosha mguu.